Kangaga la Mlima wa Kijani

Kisiwa cha Ascension kimekaa pekee katikati ya Bahari ya Atlantiki, jabali la volkano ambalo mabaharia walilisifu kwa kasa na kulilaani kwa ukame. Wareno waliachia mbuzi huko katika karne ya 16. Mwaka 1815 Waingereza wakaweka askari, kwa kuwa Napoleon alikuwa amefungwa St Helena. Kijani kilikuwa juu tu, penye ukungu, kwenye mlima wa mita 859, nacho kilikuwa cha makangaga na mimea mingine isiyo na kimo.

Miongoni mwa makangaga hayo lilikuwamo moja dogo mno, lenye jani jororo lililochanikachanika kama la kotmiri. Lilishika kwenye miamba mitupu yenye unyevu na kivuli. Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, alilikusanya katika miaka ya 1840. Wala halijapata kuonekana likiota kwa asili mahali pengine popote duniani.

Hooker huyo huyo ndiye aliyeshauri mlima upandwe miti, ili ukungu unaswe na maji yapatikane. Kuanzia mwaka 1850 merikebu zikashusha miche: mianzi, mikalitusi, migomba, misonobari ya kisiwa cha Norfolk. Kazi ikafana. Kilele kikavaa msitu wa ukungu uliopandwa kwa mkono wa binadamu, jambo ambalo wataalamu hulitaja kwa mastaajabu hadi leo. Si haki kumhukumu Hooker kwa jicho la sasa, kwani askari mwenye kiu hakuwa na haja na kangaga. Lakini wageni hao, wakiwamo makangaga ya kigeni, walitambaa hadi miambani, na pale palipokuwa patupu pakafunikwa. Kangaga la Hooker lilionekana mwaka 1958, kisha kimya. Mwaka 2003 likatangazwa kuwa limetoweka.

Mwaka 2009 Stedson Stroud na Phil Lambdon walikuta mche mmoja kwenye ubavu mkali wa mlima. Msako ukazaa mitatu mingine. Minne tu, na yote dhaifu, ikabidi inyweshwe hapo hapo mteremkoni hadi itoe spora, yaani lile vumbi ambalo kwa kangaga ndilo mbegu. Vipande vya majani yenye spora vikasafirishwa kwa ndege hadi Bustani ya Kew, ile ile iliyopeleka miti kisiwani na ambayo Hooker aliiongoza tangu mwaka 1865. Huko spora zikaota ndani ya vyombo vya maabara, zikatoa miche mipya.