Nukta Nyekundu Juu ya Kitale: Historia Fupi ya Kutafuta kwa Picha

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo nimerudi na historia kidogo. Rafiki yangu mmoja aliniuliza hivi: mbona injini za kutafutia mtandaoni zimetupa orodha ya maandishi miaka yote hii, kiungo kimoja chini ya kingine, na kompyuta inaweza kuchora karibu chochote? Hakuna aliyewahi kujaribu picha?

Wamejaribu, tena watu werevu kunishinda. Nami nilijaribu, kule Kitale na Bungoma, na nikashindwa vibaya. Leo nitasimulia majaribio yao na langu, kwa sababu yote yalikwama karibu mahali pamoja.

Kwanza neno moja tutakalolitumia sana: kiolesura. Ni ile sura ya programu ambayo macho na vidole vyako vinakutana nayo. Injini inaweza kuwa nzuri sana kule ndani, lakini wewe huioni. Unachokiona ni kiolesura tu.

Tuanze Bungoma. Mwaka 1997 ilianzishwa kampuni iliyoitwa KACE, iliyolenga kumpa mkulima mdogo habari za bei ili dalali asimpunje. KACE iliweka vituo vyake kwenye miji ya masoko, Bungoma na Kitale ikiwa miongoni mwao. Bei zilikusanywa sokoni, zikatumwa Nairobi, kisha zikarudishwa vituoni na kuandikwa kwa chaki ubaoni: zao, kipimo, bei ya hapa, bei ya kule. Baadaye habari hizo zilitoka pia kwa ujumbe mfupi wa simu kupitia Safaricom, huduma iliyoitwa SMS Sokoni, na kwa redio ya West FM katika kipindi cha Soko Hewani. Lakini ubao ndio niliouona kwa macho yangu nikiwa kijana. Watu walisimama mbele yake, wakasoma, wakabishana, wakaenda zao. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa naangalia kiolesura.

Miaka mitano kabla ya KACE kuanzishwa, watafiti wa Xerox PARC huko California walikuwa wakihangaika na shida iliyofanana na hiyo: mtu ana nyaraka maelfu, je, ataonaje kilichomo bila kusoma zote? Mwaka 1992 walitoa mfumo walioupa jina Scatter/Gather. Kompyuta iligawa nyaraka katika mafungu na kuyapa kila moja maneno yake makuu. Wewe ulichagua mafungu mawili matatu yanayokupendeza, kompyuta ikayachanganya na kuyagawa upya. Ni kama mama anayechambua maharagwe kwenye ungo: anatenga, anachanganya, anatenga tena. Mwaka 1996 Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliandika kanuni ambayo wabunifu wengi waliikariri: mwonyeshe mtu picha nzima kwanza, kisha mwache asogeze karibu na kuchuja, halafu mpe undani anapouomba.

Kanuni hiyo ilizaa watoto wengi. Mwaka 2001 ilitoka KartOO ya Ufaransa, kazi ya binamu wawili, Laurent na Nicolas Baleydier. Hiyo haikutoa orodha. Ilichora ramani: tovuti zilikuwa maduara, na maneno yalielea katikati yake. Ukipeleka kipanya juu ya duara, mistari iliwaka kukuonyesha linahusiana na nini. Marekani kulikuwa na Grokker, iliyochora maduara ndani ya maduara. Mwaka 2004 ikaja Clusty, iliyorudisha wazo la mafungu lakini kwa maandishi. Hata Google walijaribu: mwaka 2009 walitoa gurudumu la maneno walilolipa jina Wonder Wheel.

Mimi niliiona KartOO katika saiba moja ya Kitale, nikilipa shilingi mbili kwa dakika. Ilitengenezwa kwa Flash, na siku zile intaneti yetu ilipitia setilaiti, kwani kebo za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009. Nilikaa nikiangalia maduara yakijichora moja moja huku pesa zikiisha. Nilidhani tatizo ni kasi tu. Nikajiambia, siku tukipata intaneti ya maana, orodha itakufa.

Kasi ikaja. Orodha haikufa. Grokker ilifungwa mwaka 2009, KartOO Januari 2010, na Google wakaliondoa gurudumu lao mwaka 2011.

Wapimaji walikuwa wameonya mapema. Mwaka 1999 watafiti, baadhi yao wa taasisi ya vipimo ya Marekani iitwayo NIST, waliweka matokeo yaleyale ya utafutaji katika sura tatu: maandishi, picha bapa, na picha yenye kina kama chumba. Wakawapa watu kazi za kutafuta na kupima muda. Kwa jumla maandishi yalikuwa ya haraka zaidi. Waliotumia picha yenye kina walianza polepole, wakapata nafuu kadiri walivyoizoea. Miaka kumi baadaye, mwaka 2009, Marti Hearst wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa kitabu kizima juu ya violesura vya kutafutia. Alipopitia majaribio ya namna hii, aliona kwamba picha za matokeo ya maandishi zilikuwa bado hazijathibitisha kuwasaidia watumiaji wa kawaida.

Kwa nini? Fikiria umetafuta "ugonjwa wa mahindi majani ya njano". Jibu ni maneno. Ukipewa kichwa cha habari na mistari miwili chini yake, jicho linaamua mara moja: hii ndiyo, hii siyo. Ukipewa duara, lazima uliguse ndipo uone maneno ambayo ungeyaona bure kwenye orodha. Na hilo duara kuwa kushoto au kulia, karibu na jingine au mbali, hakukuambii jambo la kwenda kufanya. Kompyuta imegeuza maneno kuwa picha, nawe unafanya kazi ya kuirudisha picha iwe maneno.

Mngeniuliza mwishoni mwa 2007, ningesema basi, picha na kutafuta haviivi chungu kimoja. Kisha ikaja Januari 2008.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mimi nilikuwa Nairobi, na wazazi wangu walikuwa karibu na Kitale. Mtandao wa simu ulikuwa wa kubahatisha na kredit ilikuwa adimu. Niliandika "Kitale" kwenye injini ya kutafutia. Nikapata makumbusho, hoteli, na mbuga ya Saiwa Swamp. Orodha nzuri, iliyopangika, na haikuwa na chochote nilichokihitaji.

Tarehe 3 Januari Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu ya Kenyan Pundit, aliandika akiuliza kama kuna mafundi wanaoweza kuonyesha matukio juu ya ramani ya Google. Yeye na Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich, pamoja na wenzao, wakaitoa Ushahidi ndani ya siku chache. Mtu alituma habari kwa simu au kwa tovuti, watu wakaikagua kadiri walivyoweza, ikawekwa kama nukta mahali pake. Ungeweza kuchagua aina ya tukio: ghasia, uporaji, watu waliohamishwa, hata juhudi za amani. Ukasogeza karibu, ukabofya nukta, ukasoma. Kanuni ya Shneiderman kabisa, hatua kwa hatua.

Na safari hii ilifanya kazi. Baadaye mwaka huohuo watafiti wa Harvard Humanitarian Initiative walilinganisha ripoti za Ushahidi na zile za vyombo vikubwa vya habari na za wanablogu, wakaona ripoti za Ushahidi zilifika sehemu nyingi zaidi za nchi. Mimi sikuhitaji utafiti. Swali langu lilikuwa "wapi?", na ramani ndiyo lugha ya "wapi". Hakuna aliyehitaji kunifundisha kwamba nukta iliyo karibu na Kitale iko karibu na mama yangu.

Hata hivyo ramani ile ilinifundisha hatari yake. Pasipo na nukta palionekana shwari. Lakini ili nukta iwepo, lazima awepo mtu mwenye simu, chaji, kredit na ujasiri wa kutuma ujumbe. Pande za Mlima Elgon, ambako watu walikuwa wakiuawa kwa ugomvi wa ardhi tangu 2006, ni wangapi walikuwa na vyote vinne? Orodha fupi inajionyesha kuwa ni fupi. Ramani tupu inaonekana kama amani.

Sasa kosa langu. Mwaka 2011 shirika moja liliniajiri kutengeneza tovuti ya kutafuta bei za nafaka katika magharibi ya Kenya. Nilikuwa nimelewa ramani. Nikachora masoko kama maduara: duara kubwa ni bei ya juu, duara dogo ni bei ya chini. Rangi nyekundu ilionyesha bei iliyopanda wiki ile, kijani iliyoshuka. Nikawaonyesha wenzangu Nairobi, nikawauliza, "Mnaipenda?" Wote waliipenda. Nikaandika kwenye ripoti kwamba programu imefanyiwa majaribio.

Kisha nikaenda Kitale. Nilimpa kompyuta mama mmoja wa Kiminini aliyekuwa na magunia kumi ya kuuza, nikamuuliza, "Mama, ukiangalia hapa, ungepeleka mahindi yako wapi?"

"Si Bungoma, mwanangu," akasema. "Huoni Bungoma chungu ni kubwa? Huko mahindi yamejaa. Nani atanunua yangu?"

Bungoma ndiko kulikokuwa na bei nzuri. Tuseme tofauti ilikuwa shilingi 300 kwa gunia la kilo 90. Kwa magunia kumi hiyo ni shilingi 3,000, labda karo ya mtoto. Nilikuwa nimemwandikia ukweli kwa lugha iliyomwambia uongo. Na yeye hakukosea: sokoni chungu kubwa ni mali nyingi, na mali nyingi ni bei ya chini. Aliyekosea ni mimi.

Nikachukua matatu kupitia Webuye hadi Bungoma nikiwa na matumaini bado. Katika soko la Chepkube nilimwonyesha mzee mmoja mnunuzi wa nafaka. Aliinama, akaangalia duara jekundu juu ya Kitale, akanyamaza kidogo.

"Kitale kuna nini tena?"

"Mzee, hakuna kitu. Ni bei imepanda tu."

"Kijana, mwaka ule tuliona ramani kama hizi kwenye televisheni. Nyekundu haikuwa bei."

Jioni hiyo nilinunua karatasi ya manila na kalamu nene. Niliandika majina ya masoko kwa mstari, bei ya gunia, nauli ya gunia kutoka hapo, na kinachobaki mfukoni. Aliye juu ndiye bora. Kesho yake nikaibandika ukutani na kuuliza swali lilelile, "ungepeleka wapi?" Watu walijibu kabla sijamaliza kuuliza. Wakaanza hata kunisahihisha nauli. Nilipojitenga kidogo na kuiangalia kutoka mbali ndipo nilipocheka: nilikuwa nimetengeneza upya ule ubao wa chaki.

Nikabadilisha tovuti. Orodha ikaja mbele, imepangwa kwa kinachobaki baada ya nauli, na ramani ikakaa nyuma yake kwa anayetaka kujua soko liko wapi. Shirika halikufurahi. Waliniambia wafadhili walipenda maduara. Mradi ukaisha pesa zilipoisha, na orodha yangu haikupata kutumika kwa muda mrefu. Hilo bado linaniuma, kwa sababu ripoti ya kwanza, ile ya "wote waliipenda", niliiandika mimi, na ndiyo iliyoaminiwa.

Kwa hiyo, rafiki yangu, jibu ni hili. Picha inasaidia pale swali lenyewe lina mahali au umbali ndani yake, ndiyo maana ramani ya simuni tunaitumia kila siku na KartOO imesahaulika. Swali likiwa la maneno, au la kupanga kipi kwanza, orodha inatosha. Na siku hizi injini zinapotuandikia aya nzima ya jibu badala ya viungo, kipimo changu hakijabadilika: usimuulize mtu kama anaipenda. Mpe kazi yake ya kweli, ukae kimya, uone ataamua nini na itamgharimu kiasi gani akikosea.

Tukutane tena, panapo majaliwa.