Binamu anataka ziwa la pikipiki ya majini. Lipi?

Vumbi linaanza na migomba ya mama inaomba maji.

Wiki mbili zilizopita binamu yangu aliyeko Denmark alinipigia simu. Anakuja likizo mwezi wa saba na rafiki zake watatu. Kanunua pikipiki ya majini (ile kitu unaikalia kama pikipiki ya kawaida, inakata mawimbi) kwa mtu Dar, na ataipandisha kwenye lori. "Wewe ni mwandishi wa habari, unazunguka mkoa mzima," akaniambia. "Nichagulie ziwa. Nataka ziwa tupu, lisilo na watu."

Nikaona kazi rahisi. Kagera tuna maji mpaka ya kugawa! Nikachukua ramani na kalamu, nikakaa barazani. Mama akauliza nafanya nini, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mimi na maji tulishaachana mwaka 1996." Akaingia ndani.

Basi nikaanza kufuatilia historia ya kila ziwa kabla ya kumjibu binamu. Niliyoyakuta ndiyo nawaletea leo.

Kwanza tuanze na nyumbani. Biharamulo ya leo haigusi Ziwa Victoria kabisa. Wazee watakwambia zamani iligusa. Bandari ya Nyamirembe, kwenye ghuba iliyopewa jina la Emin Pasha, ilikuwa ndani ya wilaya yetu. Kisha katikati ya miaka ya 2000 Chato ikakatwa kuwa wilaya, na mwaka 2012 ikahamia mkoa mpya wa Geita. Ziwa likaondoka na ramani. (Emin Pasha mwenyewe ni yule Mjerumani aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890.)

Halafu chombo chenyewe. Kilianza kubuniwa Marekani miaka ya 1960 na mpenzi wa mbio za pikipiki, Clayton Jacobson. Kampuni ya Bombardier ya Canada ikatoa Sea-Doo ya kwanza mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kawasaki ya Japani ikaja na Jet Ski, jina ambalo wengi sasa wanaliita kila chombo cha namna hiyo. Hakina panga la nje kama injini za boti zetu. Kinameza maji kwa chini na kuyarusha nyuma kwa nguvu. Kwa hiyo mambo mawili: kikimeza magugumaji au kipande cha wavu, kimekwisha. Na ukiachia mafuta kwa woga, usukani nao unaacha kutii, unakwenda moja kwa moja kule ulikokuwa unaelekea. Kama mbele yako kuna mtumbwi wa mtu, Mungu asaidie.

Sasa twende kwenye maziwa.

La kwanza nililofikiria ni Burigi. Maji yametulia, milima pembeni, hakuna kelele. Speke alipita huko mwaka 1861. Alikwama kwanza Usui, nchi ya wazee wetu hapa, akimngoja mtemi Suwarora aridhike na hongo, ndipo akaruhusiwa kwenda Karagwe kwa Rumanyika. Njiani akaliona ziwa hilo na kuliandika "Urigi".

Lakini utulivu ule umetoka wapi? Hapo ndipo kalamu yangu iliposimama. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya laki mbili upande wa Uganda, na watawala wakaondoa watu kandokando ya ziwa na visiwani. Huku kwetu, miaka ya 1920 na 1930, Waingereza walihamisha watu kutoka mapori yenye mbung'o na kuwakusanya sehemu moja moja, Biharamulo ikiwemo. Mashamba yakarudi kuwa pori, na pori likaja kuwa hifadhi ya wanyama.

Mwaka 1994 yakaja mengine. Mwishoni mwa Aprili, karibu watu laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Wengi waliwekwa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Italia iliyojenga barabara. Pale palikuwa na kiziwa cha kuchimbwa, na maji yake ndiyo yaliyowanywesha. Nao walichagua ziwa, wandugu, ila hawakuwa likizo. Mto Kagera wakati huo ulikuwa unashusha maiti mpaka Victoria.

Baada ya hapo mapori yetu yakajaa silaha. Ujangili ukamaliza wanyama, majambazi wakateka magari, na mtakumbuka miaka ile mabasi yalivyosindikizwa na polisi wenye bunduki. Mwaka 2019 Burigi, Biharamulo na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, zaidi ya kilometa za mraba 4,700. Wanyama ndiyo wanarudi sasa. Ndani ya ziwa kuna viboko na mamba, na huingii na chombo chako bila kibali. Kuwapigia kelele wanyama waliokimbizwa miaka yote hiyo? Hapana. Burigi nikaikata.

La pili, maji ya Rubondo. Kisiwa kizuri, msitu, ndege, hata sokwe wapo! Sokwe hao si wenyeji. Waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Wenyeji walikuwa watu, wavuvi na wakulima, na waliondolewa kisiwa kilipofanywa pori la akiba mwaka 1965. Mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa. Nikaikata nayo.

Mnaona mpaka hapo? Binamu anataka ziwa tupu. Lakini katika maziwa haya mawili ukiuliza kwa nini ni tupu, unakuta kuna mtu alihamishwa, au kuna ugonjwa uliopita. Halikuumbwa hivyo ili sisi tuje kucheza.

La tatu ni Bukoba mjini. Hapo watu wapo, hoteli zipo, ufukwe upo. Tatizo ni msimu. Kiangazi cha Ulaya ndicho kiangazi chetu pia, Juni mpaka Agosti, na hapo upepo wa kusini unavuma kwa nguvu juu ya ziwa lenye kilometa za mraba 68,800. Mawimbi ya upande wa magharibi si ya kujifunzia.

Na hapa nimrudie mama. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Ilisajiliwa kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kufikia 800 au zaidi, maana orodha kamili haikuwepo. Meli ilielea kichwa chini, ikatobolewa ili kuwatoa waliokuwa ndani, hewa ikatoka, ikazama. Tangu siku ile mama anakwenda Mwanza kwa basi tu. Mwaka 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa. Na Novemba 6, 2022 ndege ya abiria iliangukia ziwani pale Bukoba, watu 43 ndani, 19 wakafa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na wenzetu 24 wakatoka hai.

Hilo la mwisho ndilo lililonipa jibu. Ziwani anayekuokoa ni yule aliye karibu. Ziwa tupu halina mtu wa kukuvuta!

Kwa hiyo nimemchagulia binamu Nyamirembe, bandari yetu ya zamani. Ghuba imejikinga na mawimbi makubwa kuliko Bukoba, na wavuvi wapo. Masharti nimemwandikia haya: jaketi la kuokolea muda wote, hata kama unajua kuogelea. Kamba ya kuzima injini mkononi. Asubuhi asiingie mpaka wavuvi wametegua nyavu zao, na kwanza akawaone viongozi wa mwalo aulize nyavu ziko wapi. Akae mbali na matete, maana konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Akae mbali kabisa na mpaka wa Rubondo. Na mafuta ya mtumbwi mmoja wa wavuvi alipie yeye, uwe karibu siku nzima.

Binamu kajibu, "Ziwa gani hilo lenye masharti kama mahari?" Nikamwambia ndilo hilo, akitaka tupu abaki na bwawa la kuogelea huko huko Denmark. Kacheka, kakubali.

Jana usiku nilimsomea mama orodha yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kuhusu mtumbwi. Una injini? Nikasema ndiyo. Mwenye nao ni mtu mzima au kijana? Nikasema mtu mzima. Akasema siku hiyo atakuja nasi Nyamirembe, atakaa nchi kavu na chupa ya chai, na atawahesabu wanaoingia na wanaotoka.

Mwezi wa saba nitawaambia ilikuwaje. Wasalaam.