Kompyuta ya nyumbani inajizima ovyo? Soma hapa kabla hujaita fundi

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo. Wiki iliyopita watu watatu wameniuliza swali lile lile: mashine ya nyumbani inazima yenyewe, nifanyeje? Nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja, niandike hapa mara moja. Kama unasomea kafe na muda wako unayoyoma, zichape hatua hizi au zipige picha kwa simu, maana ukifika home na mashine imegoma ndio utazikumbuka.

Kwanza kisa chenyewe.

Bi mkubwa wangu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Wako 24. Hesabu za mwaka mzima, nani ana hisa ngapi, nani anadaiwa, zote ziko kwenye faili moja la Excel katika kompyuta ya mezani pale sebuleni. Wiki tatu kabla ya kugawana pesa, mashine ikaanza vituko. Unaandika, paap, giza. Inajiwasha yenyewe. Baada ya nusu saa, paap tena. Mama akaanza kukosa usingizi. Hela za watu si mchezo, nenda kawaambie wanawake 24 kwamba kompyuta imekula hesabu uone.

Lawama zote zikamwangukia mdogo wangu wa mwisho. "Ni hayo magemu yako na virusi unavyoleta na flashi!" Akapigwa marufuku hata kukalia kile kiti. Fundi wa kwanza alikuja, hakufungua hata skrubu moja, akasema dawa ni kufomati na kuweka Windows mpya. Nilimzuia mlangoni. Angefomati, hesabu za akina mama zingekwenda na maji.

Sasa hatua zenyewe. Zifuate kwa mpangilio huu.

1. OKOA KAZI YAKO KWANZA

Usianze na kutengeneza. Mashine ikiwaka tu, hata kwa dakika tano, nakili mafaili ya muhimu kwenye flashi, halafu jitumie nakala nyingine kwa barua pepe. Ikiwa haiwaki kabisa, diski inaweza kuchomolewa na kuunganishwa kwenye mashine nyingine kwa kebo ya USB. Fundi akitaja neno "fomati" kabla hujaokoa mafaili, mwambie asubiri.

2. ANDIKA INAZIMA LINI NA VIPI

Chukua daftari. Saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, imezimaje. Zipo namna tatu kubwa:

- Inazima ghafla kama umechomoa waya: mara nyingi ni umeme, pawasaplai au joto.
- Inaleta skrini ya bluu yenye maandishi: mara nyingi ni RAM, draiva au diski. (Kwenye Windows 11 toleo la 24H2, tangu 2025 skrini hiyo ni nyeusi.)
- Inaganda, mshale hausogei: inaweza kuwa diski, RAM, joto au draiva.

Hizi ni dalili tu, sio hukumu. Lakini daftari litakusaidia mbele ya safari. La kwetu lilionyesha kitu: mara nyingi ilizima kati ya saa moja na saa nne usiku.

3. IZUIE KUJIWASHA, USOME KOSA

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, halafu Settings ya Startup and Recovery, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Sasa kosa litabaki kwenye skrini ulinakili. Ukikuta MEMORY_MANAGEMENT, anza na RAM. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, itazame diski na kebo yake. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, fikiria draiva uliyoweka karibuni. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, shuku vifaa vyenyewe: joto, umeme, prosesa.

Pia andika eventvwr.msc uangalie kumbukumbu za System. Ukikuta Kernel-Power namba 41 usipagawe. Hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, haisemi nani kaizima. Kwetu zilikuwa zimejaa hizo 41, bila skrini ya bluu hata moja.

4. JARIBIO LA BIOS

Hili halihitaji hela wala intaneti. Washa mashine, bonyeza Delete au F2 (inategemea mashine) uingie BIOS, halafu iache hapo hapo saa nzima. Hapo Windows haijawaka kabisa. Ikizima ukiwa BIOS, basi tatizo si Windows, si virusi, na kufomati hakutasaidia kitu. Isipozima, bado usishangilie, maana BIOS haiipi mashine kazi nzito.

Ya kwetu ilizima dakika ya 25. Hapo hapo nikajua mdogo wangu kaonewa.

5. VUMBI NA JOTO

Chomoa waya ukutani. Fungua ubavu wa kasha. Gusa chuma cha kasha kwanza ili utoe umeme tuli mwilini. Puliza vumbi kwa blowa au brashi laini, na feni uishike kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Angalia kama feni zote zinazunguka ukiwasha. Kama mashine ina miaka mingi, ile krimu ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na feni huwa imekauka. Ifute, weka mpya kiasi cha punje ya harage dogo, si kupaka kama siagi kwenye mkate.

Joto la prosesa unaweza kulisoma humo humo BIOS. Mashine ikiwa imepumzika, nyuzi 30 hadi 50 hivi si mbaya. Ikipanda mpaka inapita 90, umeshampata mchawi.

Mimi nilitoa vumbi la kujaza kopo. Joto likashuka. Kesho yake usiku, paap. Haikuwa hiyo.

6. RAM

Izime, chomoa waya, toa vipande vya RAM, futa ile sehemu ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa, rudisha mpaka visikike "ta". Kama viko viwili, jaribu kimoja kimoja. Halafu andika mdsched.exe uache Windows ipime yenyewe, au tumia MemTest86+ kutoka kwenye flashi uiache usiku kucha. Ni programu ya bure. Kosa hata moja tu halikubaliki. Kwetu ilikuwa safi.

7. DISKI

Pakua CrystalDiskInfo, nayo ni bure. Ikiandika Good, endelea. Ikiandika Caution au Bad, usibishane nayo, rudi namba 1 uokoe mafaili leo, sio kesho. Badilisha na kebo ya diski, hiyo ni bei ya soda na inasumbua wengi.

8. WINDOWS, DRAIVA NA VIRUSI

Kama mashine haizimi ikiwa BIOS, sasa geukia huku. Shika Shift huku ukibofya Restart, ingia Safe Mode. Ikitulia humo, shuku draiva au programu uliyoweka siku za karibuni, iondoe. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika sfc /scannow, isubiri imalize. Piga skani ya virusi. Na kumbuka Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo flashi za kafe zipimwe kabla ya kufunguliwa.

9. UMEME NA PAWASAPLAI

Huku ndiko wengi hawafiki. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, lakini jioni watu wote wakiwasha majiko na pasi, mtaani kwenu unaweza kushuka sana. Pawasaplai mpya huvumilia. Iliyochoka haivumilii.

Mwenye mita ya fundi umeme anaweza kupima waya zinazotoka: njano isome kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ila kasha la pawasaplai lenyewe USILIFUNGUE kama si fundi. Kapasita za ndani hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya, na umeme huo unaua. Kwenye mazabodi unaweza kuangalia kwa macho: kapasita zilizovimba kichwani au kuvuja ni dalili mbaya. Mazabodi nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilikufa kwa ugonjwa huo.

Njia rahisi ni kuazima pawasaplai nzima unayoijua, uweke, usubiri.

MCHAWI WETU ALIKUWA NANI?

Niliazima pawasaplai ya wati 450 kwa jamaa mmoja mwenye kafe. Mashine ikapiga siku tatu bila kukohoa. Ile ya zamani ni ya wati 250, na fundi wa pili alipoifungua, kapasita zimevimba kama maandazi.

Sasa sikilizeni. Miezi miwili nyuma kuna mtu alichomeka kadi ya picha kwenye mashine ile ili acheze mpira vizuri. Kadi ya aina ile inaweza kuvuta hadi wati 75 kutoka kwenye mazabodi. Pawasaplai ilikuwa mzee tayari, ule mzigo ndio ukaimalizia, na umeme wa jioni ukishuka inazidiwa. Aliyechomeka kadi ni nani? Ni mimi. Wala sikukumbuka kumwambia mtu, huku dogo anatukanwa kila siku mbele yangu.

Nilinunua nyingine ya wati 450 kwa hela yangu, kadi nikaitoa, na mama nikamweleza ukweli wote. Alicheka, halafu akanisema nusu saa. Dogo nilimwomba radhi. Kiti karudishiwa, na siku akina mama walipogawana pesa yeye ndiye aliyechapa karatasi za hesabu.

Kwa hiyo wadau, mashine ikianza visa, swali la kwanza lisiwe "nani kaleta virusi?" Jiulize nini kimebadilika tangu ilipokuwa nzima, na ujihesabu na wewe mwenyewe humo.

Wenye uzoefu zaidi, hasa mafundi, mwageni ujuzi wenu kwenye maoni hapo chini. Mwenye swali aandike na umri wa mashine, wati za pawasaplai na inazima vipi, tumsaidie.

Nawasilisha.