Korintho Baada ya Barua ya Machozi: Jinsi Kanisa la Kwanza Lilivyopokea Karipio

Wanaosoma Nyaraka za Paulo wamezoea kumsikiliza anayekemea. Ukali wa maneno yake huchambuliwa, mamlaka yake hupimwa, ilhali aliyekemewa haulizwi kitu. Waraka wa Pili kwa Wakorintho unatupa nafasi adimu ya kumuuliza. Hoja yangu ni kwamba katika sura ya 2 na ya 7 Paulo anapima jibu la Wakorintho kwa jinsi walivyotendeana wao kwa wao, kuliko kwa unyenyekevu wowote waliomwonyesha yeye.

Baada ya kuandika Waraka wa Kwanza akiwa Efeso, yapata mwaka 54 au 55 BK, Paulo alikwenda Korintho na ziara hiyo ikaharibika. Mtu mmoja alimkosea vibaya. Jina lake halitajwi, wala kosa lenyewe halielezwi. Badala ya kurudi tena, Paulo akaandika barua kwa machozi mengi. Adolf Hausrath alipendekeza mwaka 1870 kwamba barua hiyo ndiyo sura ya 10 hadi ya 13 za waraka tulio nao. Sikubaliani naye: sura hizo zinapambana na mitume washindani na hazimgusi popote yule mkosaji, ambaye ndiye kiini cha barua ya machozi. Naichukulia kuwa imepotea.

Kilichofuata kinamhusu kwanza mkemeaji mwenyewe. Paulo alifika Troa, akapata nafasi nzuri ya kuhubiri, akaiacha kwa sababu hakumkuta Tito, aliyetarajiwa kuleta habari za Korintho. Anakiri kwamba kwa kitambo aliijutia barua yake. Ulimwengu wa Kiyunani ulikuwa na mafundisho mengi juu ya kusema ukweli mchungu: Filodemo wa Gadara aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, na Plutarko aliwalaumu vijana wanaopokea maonyo ya mwalimu kwa kicheko na wale wanaoyakimbia. Lakini kwa Plutarko suala liko kati ya mwanafunzi na mwalimu wake, na shabaha ni tabia ya kijana. Korintho suala ni la ushirika mzima.

Tito alipomkuta Makedonia, Paulo aliandika orodha ya yale ambayo huzuni ilizaa ndani yao: bidii, kujitetea, uchungu dhidi ya uovu, hofu, shauku, juhudi na kumwadhibu mkosaji. Inafaa kukaa kidogo juu ya hilo la pili. Wakorintho walijitetea, na Paulo akalihesabu jambo hilo kuwa tunda la toba. Walipewa nafasi ya kueleza upande wao, wakaeleza, wakaonekana hawana hatia katika jambo lile. Napenda wazee wa kanisa wanaomhesabu mkaidi kila muumini anayefungua kinywa mbele ya baraza wausome mstari huo polepole. Kisha Paulo anasema alichokusudia: hakuandika kwa ajili ya aliyekosa wala aliyekosewa, ingawa aliyekosewa huenda alikuwa yeye mwenyewe. Aliandika ili bidii yao idhihirike kwao wenyewe mbele za Mungu.

Nusu ya pili ya jibu imo katika sura ya 2, nayo husahaulika. Wengi walikwisha kumwadhibu yule mtu, na sasa Paulo anawaambia imetosha. Wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Kumbe kulitii karipio ni pamoja na kujua adhabu inapokoma. Makanisa yetu mengi ya Afrika Mashariki yanajua namna ya kumtenga mshirika. Namna ya kumrudisha kundini, na lini, mara nyingi huachwa mikononi mwa yule aliyetengwa. Korintho jukumu hilo waliagizwa wale walioadhibu.

Mtu anaweza kupinga kwamba ukali wa sura ya 10 hadi ya 13 unaonyesha toba haikudumu. Pingamizi hili lina nguvu, na sitaki kulipunguza: mgogoro haukwisha wote. Lakini muda si mrefu baadaye, katika Waraka kwa Warumi ambao wataalamu wengi wanakubali uliandikwa Korintho, Paulo anataja mchango wa Makedonia na Akaya, jimbo la Korintho, kwa maskini wa Yerusalemu. Wagalatia, waliopewa agizo lilo hilo la mchango na ambao nao alikuwa amewakemea vikali, hawatajwi hapo. Ukimya si ushahidi kamili; hata hivyo Akaya imo.

Ugomvi ulirudi Korintho yapata mwaka 96, wazee wakaondolewa madarakani, na kanisa la Roma likatuma waraka mrefu wa karipio tunaouita wa Kwanza wa Klementi. Eusebio amehifadhi maneno ya Dionisio, askofu wa Korintho, aliyemwandikia Soteri wa Roma yapata mwaka 170: anataja kwamba waraka ule wa Klementi ulikuwa ukisomwa kanisani kwao. Vizazi viwili au zaidi vilikuwa vimepita, na Wakorintho walikuwa bado wanausikiliza mbele ya watu wote, siku ya ibada, waraka uliotaja kosa la mababu zao.