Kabla Uingie Thieta, Uliza Jina

Wiki jana cuzo wangu alinipigia. Ameshapata tarehe ya kuongezwa matiti, na anataka nimrudishe nyumbani siku hiyo halafu nikae naye wiki moja. Nikamwambia sawa, niko. Nikamuuliza, "Wanakuwekea ya kampuni gani?" Akanyamaza kidogo. "Si daktari ndiye anajua?"

Manze, hilo jibu ndilo limenifanya niandike hii.

Turudi Houston, Marekani, mwaka wa 1962. Mama wa watoto sita, Timmie Jean Lindsey, alienda hospitali kufutwa tatoo kifuani. Madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow walikuwa wametengeneza kitu kipya, vifuko vya silikoni, na walikuwa wakitafuta mtu wa kwanza. Yeye alichotaka ni masikio yake yarekebishwe. Wakaelewana: apate masikio, wao wapate kifua. Kabla yake, aliyewekewa kifuko alikuwa mbwa, jina lake Esmeralda.

Baada ya hapo biashara ilishika. Sheria ya Marekani ya vifaa vya matibabu ilikuja 1976 tu, na vilivyokuwa tayari sokoni viliachwa viendelee kuuzwa. Wanawake wakaanza kulalamika: kifuko kimepasuka, kovu la ndani limekaza, titi limekuwa gumu. Ni 1992 ndio FDA ilizuia vya silikoni kwa wanawake wengi, na havikurudi hadi 2006.

Si hao tu. Mwaka wa 2010 ilijulikana kwamba kampuni ya PIP ya Ufaransa ilikuwa inajaza vifuko jeli ya viwandani, kitu hakikuruhusiwa kuingia kwa mwili wa mtu. Mwenyewe, Jean-Claude Mas, alihukumiwa miaka 4 jela mwaka wa 2013. Halafu 2019 Allergan ikaondoa sokoni dunia nzima vifuko vyake vyenye ngozi ya kukwaruza, kwa sababu vilihusishwa na saratani fulani ya seli za kinga.

Sasa fikiria uko nyumbani, unasikia hiyo habari, na hujui kilicho ndani yako kinaitwaje.

Kwa hivyo wasee, yale maagizo unapewa si ya kukusumbua. Kuacha sigara wiki kadhaa mapema, kwa sababu inachelewesha kidonda kupona. Kutobeba vitu vizito wiki za kwanza. Kurudi kwa daktari mbio ukipata homa, au titi moja likivimba kuliko lingine. Kadi yenye kampuni, aina na namba ya kifuko, ambayo unaweka kama kitambulisho. Na kujua kwamba kifuko si cha maisha. Siku moja huenda ukarudi thieta. Tangu 2021, FDA inataka mgonjwa aelezwe hatari hizi kwa orodha, na aisaini, kabla ya kukatwa. Kutoka 1962 ni karibu miaka 60.

Simwambii cuzo asifanye. Mwili ni wake, pesa ni zake.

Jana amenitumia picha ya karatasi: kampuni, aina, saizi. Namba atapewa siku yenyewe. Tarehe haijabadilika. Mimi nimeshanunua mito miwili, juu atalala akiwa ameinuka kidogo.