Elimu ya Meno Nairobi

Msomaji, huenda ukajiuliza kwa nini mwanafunzi wa utabibu wa meno hujifunza kwanza mwili mzima.

Mafunzo ya utabibu yalianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kilipokuwa kingali chuo kishiriki, mwaka 1967. Ya meno yakafuata mwaka 1974. Kabla ya hapo, Mkenya aliyeitaka shahada hiyo hakuwa na budi kwenda nchi za nje. Wanafunzi wa meno nao hupitia Chiromo, magharibi ya kitovu cha jiji, wakasome viungo na damu.

Je, huko ni kupoteza wakati? Hasha! Yatazame meno ya rangi ya kahawia yaonekanayo Nairobi na Bonde la Ufa. Mswaki hauyatakasi, kwa kuwa si uchafu. Maji ya visima vingi yana floraidi nyingi. Mtoto ayanywapo, damu huipeleka kwenye jino lingali likijengwa tayani. Jino huota lina doa tayari. Aliyesoma kinywa tu asingelijua chanzo chake.

Basi udurusupo, kumbuka: meno ya utotoni ni 20, ya ukubwani 32, damu iyalishayo ni moja.