Modi za Mwale: Kutoka Malibu hadi Nyuzi za Ufipa

Mtu wa Msanzi, huko Ufipa, anapompigia simu ndugu yake aliye Dar es Salaam, sauti yake huenda mbali ikiwa mwanga ndani ya uzi wa kioo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ulipitisha nyuzi hizo Tunduma na kuzipandisha hadi Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa. Mwaka huohuo mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitegemea setilaiti, ikaanza kuzungumza na dunia kwa nuru.

Kiini cha uzi wa aina hiyo kina upana wa takriban mikroni 9, chembamba kuliko unywele mara kadhaa. Wembamba huo ni wa makusudi. Mwanga wa leza ukipata nafasi kubwa zaidi hujipanga katika sura nyingi kwa wakati mmoja, kila sura na mwendo wake, na ujumbe ulioondoka pamoja hufika umepishana. Sura hizo wanafizikia huziita modi. Kupata chombo cha kuzitambua moja baada ya nyingine kuliwachukua zaidi ya miaka 20 tangu leza ya kwanza.

Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Malibu, Marekani, tarehe 16 Mei 1960, kwa kutumia kijiti cha rubi. Mwaka uliofuata, Fox na Li wa maabara za Bell walitumia kompyuta kuufuatilia mwanga unaokwenda na kurudi kati ya vioo viwili. Waligundua kwamba baada ya safari nyingi mwanga hutulia katika michoro maalumu: doa moja la duara, madoa mawili, manne yaliyopangwa kama vyumba, au pete yenye giza katikati. Hesabu zinazoieleza michoro hiyo zina majina ya Hermite na Laguerre, Wafaransa wa karne ya 19 ambao hawakuishi kuiona leza.

Tatizo lilikuwa kwamba mwale mmoja unaweza kubeba modi kadhaa zilizochanganyika. Mita ya nguvu haisemi ni zipi. Ni sawa na mnunuzi wa maharage sokoni Sumbawanga anayepima debe la mchanganyiko: uzito anaujua, lakini ya njano ni kiasi gani na mekundu ni kiasi gani, mizani haimwambii. Hata kuuangalia mwale kwa kamera hakutoshi, kwa sababu michanganyiko tofauti huweza kuacha doa linalofanana, na modi zenyewe huongezana au hufutana kulingana na awamu za mawimbi yake.

Njia ilitoka kwenye hologramu, picha inayohifadhi wimbi zima la mwanga, si ukali wake tu. Mwanafizikia Dennis Gabor alitangaza wazo hilo mwaka 1948, kabla hata ya leza kuwapo. Mwaka 1966 Brown na Lohmann walionyesha kuwa hologramu inaweza kuchorwa na kompyuta, bila kitu halisi cha kupigwa picha. Kisha, mwaka 1982, Golub, Prokhorov, Sisakyan na Soifer wa Muungano wa Kisovieti wakachapisha namna ya kutengeneza vichujio vya kuchunguza modi za mwale. Prokhorov huyo, aliyezaliwa Australia, alikuwa tayari mshindi wa Nobel ya 1964 kwa kazi iliyozaa leza. Soifer alikuwa Kuibyshev, mji ambao leo unaitwa Samara. Chombo chao wakakiita modani.

Kinavyofanya kazi ndipo uzuri wake ulipo. Kioo huwekewa mifuo midogo sana iliyokokotolewa kutokana na modi inayotafutwa. Mwanga ukipita kwenye mifuo hiyo hupinda na kutawanyika, kisha lenzi huukusanya. Kama modi hiyo imo ndani ya mwale, nukta ya katikati hung'aa, na mng'ao wake ni kipimo cha kiasi chake. Kama haimo, nukta ile hubaki giza hata mwale uwe mkali namna gani. Kioo kimoja huweza kubeba hologramu nyingi, kila moja ikielekeza jibu lake upande wake, hivyo modi kadhaa huhesabiwa papo hapo. Hata awamu hupatikana, kwa kuilinganisha modi moja na nyingine.

Kundi la Michael Duparré huko Jena, Ujerumani, lilitumia njia hiyo mwaka 2009 kuchambua kikamilifu mwanga unaotoka kwenye nyuzi za kioo. Washirika wao wa karibu walikuwa Waafrika: Kituo cha Taifa cha Leza cha CSIR, Pretoria, Afrika Kusini, alikokuwa Andrew Forbes. Huko kioo cha mifuo kilipisha skrini ya fuwele za kimiminika, inayobadili hologramu kwa amri ya kompyuta. Mwaka 2013 Sandile Ngcobo na wenzake wakaiweka skrini hiyo ndani ya leza yenyewe, wakatengeneza leza ya kidijitali inayotoa modi inayotakiwa kwa kubadilisha picha tu. Mafanikio hayo yanastahili kufundishwa katika kila darasa la fizikia barani, kwa sababu hapa Afrika haikuwa mnunuzi wa chombo; ilikuwa fundi wake.

Gharama nazo zimeshuka. Vioo vidogo vinavyogeuka kwa umeme, alivyovibuni Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987 na ambavyo vimo ndani ya projekta nyingi, sasa hutumiwa kuonyesha hologramu za kuchambua modi. Maabara ya chuo yenye leza ndogo, lenzi, kamera na kifaa hicho inaweza kuifanya kazi iliyokuwa ya taasisi kubwa tu.

Na modi zilizokimbiwa kwa kuufanya uzi kuwa mwembamba sasa zinatafutwa. Watafiti wanajaribu nyuzi zinazopitisha modi kadhaa, kila modi na ujumbe wake, ili uzi mmoja ubebe mzigo wa nyuzi nyingi. Upande wa kupokea lazima modi hizo zitenganishwe tena, na mojawapo ya njia za kufanya hivyo inatokana na mifuo ile ya Kuibyshev.